Pigo Lisilogongwa

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa maneno mawili. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Agosti. Waldemar Pintos na mkewe Nélida walikuwa wakitelemka barabara ya Isla de Flores kwenda gulioni, yeye kabeba kikapu, mkewe kamshika mkono, na walipofika mbele ya duka la dawa Nélida akasema, "Mguu mwingine." Alikuwa akisema hivyo kwa miaka thelathini na minne, kwa kuwa hakupenda kutembea na mtu hatua zao zikipishana. Waldemar akaruka kidogo, akabadili mguu, wakaendelea. Mbele kidogo mkewe akasema anataka kukaa. Waldemar alikuwa mpima ardhi, kazi aliyoisomea chuo kikuu, na baada ya mazishi ya mkewe alirudi pale akazihesabu hatua, toka duka la dawa hadi pale alipokaa. Zilikuwa arobaini na moja.

Miezi mitano baadaye, Jumamosi moja ya mwisho wa Januari, saa kumi na moja jioni na jua bado kali, alifika kijiweni na furushi la magazeti kwapani. Kijiwe cha kikundi chao cha ngoma ni ubao uliolazwa juu ya ngoma mbili zilizopasuka, nje ya karakana ya Edison, kaka yake Nélida, ambaye mtaa wote wa Palermo humwita Ngozi kwa sababu ndiye anayezivika ngoma ngozi mpya. Ukingoni mwa barabara moto wa mbao za maboksi ulikuwa ukiwaka, na ngoma nane zilikuwa zimeinamishwa nyuso kuuelekea, ngozi zikaze. Bi Olga, mshonaji wa kikundi, alikuwa kwenye kiti chake cha kukunja, pini mdomoni. Redio, aliyeendesha basi la mjini miaka ishirini na sita na hajanyamaza tangu astaafu, ndiye aliyekuwa na chupa ya maji ya moto na kibuyu cha majani machungu. Mmiminaji ni mmoja, kibuyu ni kimoja, mrija ni mmoja, na kinazunguka kwa zamu. Anayesema "asante" maana yake ametosheka na anaaga.

— Umechelewa, Mita, alisema Redio. Hilo la Mita walimpa siku ya kwanza waliposikia kazi yake. — Kibuyu kishazunguka mara mbili.

Waldemar alikipokea, akanyonya mrija mpaka ukakoroma, akakirudisha.

— Asante.

Redio akakijaza upya, akamrudishia.

— Nimesema asante, Redio.

— Nimekusikia. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kunywa.

— Hiyo inahusiana nini na hili? aliuliza Bi Olga.

— Inahusiana. Ukiifikiria.

Waldemar hakunywa. Aliliweka furushi magotini pa Ngozi. Bakora ilikuwa imechomoza upande mmoja, kwa hiyo hapakuwa na siri.

— Nini hii, shemeji?

— Koti, kofia, ndevu, mkoba wa majani na bakora. Mtafute Mganga mwingine.

Kikundi cha ngoma bila Mganga hakitoki. Ni yule mzee wa ndevu za pamba na koti jeusi refu, anayetangulia mbele ya ngoma akitetemeka magoti kana kwamba hatafika kona ya pili, huku akimbembeleza Bibi Mzee mwenye sketi pana na upepeo. Bibi anamringia, anamkimbia, anamrudia. Nélida alikuwa Bibi Mzee. Kabla yake alikuwa mama yake, katika sketi hiyohiyo. Haishonwi mpya, huongezwa kiraka.

Ngozi hakulifungua furushi. Alilishusha chini, mbali na cheche.

— Maandamano ya ngoma yamebakiza siku kumi na mbili, alisema Bi Olga. Mganga tutamtoa wapi sasa, dukani?

— Wapo. Kikundi cha ng'ambo ya pili ya barabara kinao watatu.

— Wanaokuiga wewe, alisema Redio. Hivi unajua ulichowafanyia watu mji huu? Ile hatua yako ya kuchelewa. Ngoma imeshasema, wewe ndiyo kwanza mguu unashuka, kama mzee anayekumbuka kitu. Nimemwona jamaa mmoja mbele ya kioo cha benki anafanya mazoezi ya kujichelewesha. Jasho linamtoka.

— Sikuchelewa kwa ufundi, alisema Waldemar. Nilichelewa kwa sababu sisikii.

— Umekuwa kiziwi?

— Ngoma nazisikia. Sisikii zinaanzia wapi.

Hakuwa amemwambia mtu jambo hilo isipokuwa Nélida, naye hakuhitaji kuambiwa. Alilisema kwa sauti ileile aliyotumia zamani kuwaeleza wenye viwanja kwamba ua wa jirani umeingia kwao mita moja na nusu.

— Nilikuwa nautazama upepeo wake. Ukishuka, nami nashusha mguu. Mpaka jicho lione na mguu upate habari, muda umeshapita. Huo ndio ufundi wangu.

Redio alinyamaza. Kijiti kilipasuka motoni, na bado alikuwa kanyamaza.

— Unatupiga kamba, alisema mwishowe.

— Miaka yote thelathini na mmoja ya kuwa Mganga, shemeji? aliuliza Ngozi.

— Thelathini na mmoja.

— Ngoja kwanza, alisema Bi Olga. Na ule mwaka wa mvua je? Waamuzi si walikupa kikombe? Waliandika, mimi nilikisoma kile cheti: "Kwa uzee wa kweli na wa kuhuzunisha."

— Nilikuwa nimempoteza nyuma ya bendera. Nilikuwa namtafuta.

Bi Olga alilazimika kutoa pini mdomoni ili acheke. Alicheka akijishika ubavu, na Ngozi akacheka chinichini, na Waldemar aliwatazama bila kukasirika. Miezi mitano watu walikuwa wakiongea naye kama wanaoongea mlangoni pa chumba cha mgonjwa.

— Mimi nilijua, alisema Redio.

— Hukujua.

— Nilijua kwa kioo cha basi. Sikilizeni. Abiria ni wa aina mbili. Yupo anayeinama kabla basi halijakata kona, na yupo anayeinama baada. Wa kabla, huyo anacheza ngoma, hata kama hajawahi. Sasa Nélida alikuwa akipanda pale bandarini. Hashiki chuma. Mimi nakata kona, basi zima linamwagika kama viazi, yeye kasimama katikati anatafuta miwani kwenye mkoba. Nikawa nakata kona vibaya makusudi. Wiki nzima. Hata siku moja sikumpata.

— Na mimi? aliuliza Waldemar.

— Wewe ulikuwa unainamia kona iliyopita.

— Ni kweli, alisema Waldemar.

— Sasa basi. Ni damu hiyo. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama yao alikuwa vile, na bibi yao vile. Wewe umetoka Durazno, kwenye ng'ombe. Ng'ombe hana haraka ya kufika kwenye pigo.

— Damu gani? alisema Bi Olga. Mimi nina mapacha. Siku moja, tumbo moja, maziwa mamoja. Hugo ukimgongea meza anakujibu kwa kijiko. Darío ukimwambia apige makofi ya siku ya kuzaliwa, anayapiga pale katikati, ambapo watu wote wamenyamaza. Hata kupumua usingizini walikuwa wanapishana.

— Huenda mmoja si wako.

— Nilikuwepo, Redio.

Redio alimpa Ngozi kibuyu, akafikiri, akainua kidole.

— Basi ni titi. Hugo ulimnyonyesha la kushoto. Huko ndiko moyo uliko. Anavuta maziwa, anasikia ngoma, vitu viwili kwa mpigo. Darío ukamweka kulia, kwenye ini. Ini linadunda? Halidundi. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Bi Olga alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu kuliko lilivyostahili.

— Darío ndiye aliyekuwa wa kushoto, alisema.

— Basi ndiyo hivyohivyo, alisema Redio bila kusita. Alizoea, akawa halisikii tena. Kama mtu anayekaa karibu na reli.

Ngozi hakuwa ameingia kwenye ubishi. Yeye huongea kwa nadra, na mkono wake ndio unaosema. Mwaka mmoja Waldemar alimfuata barabara nzima na saa ya mkononi, akimpima anavyopiga ngoma kubwa. Alitaka kuona kama mkono wa mtu unaweza kwenda sawa na mashine. Aliona hauwezi. Unakaza kwenye mpando, unalegea kwenye mteremko, na wapigaji sabini nyuma yake wanakaza na kulegea naye, bila mtu kugeuka wala kutoa ishara. Waldemar aliiacha saa na hakuipima tena ngoma yoyote. Kulikuwa na watu wenye kitu ambacho yeye hakuwa nacho, na aliona ni bahati kuoa katika nyumba yao na kukitazama kwa karibu.

Sasa Ngozi aliinuka, akachukua ngoma ndogo kutoka motoni, akaijaribu kwa kidole, akakaa nayo.

— Shemeji, hii inasemaje?

Akapiga, fimbo, kiganja, fimbo, polepole, tena na tena.

— Ta-ka-ta, alisema Waldemar. Ta-ka-ta.

— Mapigo mangapi?

— Matatu.

— Manne. La kwanza haligongwi. Ngoma ndogo inaliacha wazi, halafu ndiyo inasema hayo matatu. Pale wazi ndipo pa mguu. Mama alikuwa akitupiga kofi tukiligonga. Anasema, hilo siyo lako, hilo la mguu. Ngozi akakinyooshea kidole kiatu cha Waldemar. — Wewe unakanyaga ukisikia. Ukisikia, limeshapita.

Waldemar aliangalia kiatu chake.

— Kwa hiyo Nélida alikuwa akikanyaga mahali ambapo hapana kitu.

— Alikuwa akipasikia kuliko kwingine kote. Akiwa na miaka mitatu. Hakufundishwa. Mimi nimefundishwa, kwa kofi. Na mjomba wetu Adhemar, aliyezaliwa ndani ya karakana hii, kitanda kimezungukwa na ngoma, hajapasikia mpaka kesho. Tulimpa bendera abebe. Ndiyo maana nasema si damu wala si titi. Mtu anaingia duniani na chake.

— Wanasema akili ni nywele, alisema Bi Olga, kila mtu ana zake.

— Na wengine vipara, alisema Redio. Ndiyo kama Mita. Mtu unamwambia miaka thelathini na minne, mguu mwingine, mguu mwingine, lakini wapi. Sikio la kufa halisikii dawa.

Redio alikitazama kibuyu mkononi mwake kana kwamba kimewekwa pale na mtu mwingine.

— Sikukusudia hivyo, Mita.

— Najua.

— Methali tu ilikuja.

— Najua, Redio. Mimina.

Redio alimimina kwa uangalifu mkubwa, bila kudondosha tone. Waldemar alikunywa hadi mwisho. Safari hii hakusema asante.

Bi Olga alisubiri kibuyu kirudi kwa mwenyewe.

— Koti nimeliona, alisema. Sketi iko wapi?

— Kabatini.

— Nitaihitaji, Waldemar. Huyu dada aliyechaguliwa kuwa Bibi ni mwembamba. Nipunguze kiunoni, nimwekee kiraka chake. Nilikuwa nakuonea haya kukwambia.

Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Nélida alikuwa akivianika vyote viwili kwenye roshani yao, koti kushoto na sketi kulia, vipate hewa. Wapita njia wakiinua macho wanajua kikundi kitatoka. Mwaka huu waliinua macho, wakaona kamba tupu, wakayashusha.

— Huyo anapanda, alisema Redio. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Hiyo umeipatia, alisema Bi Olga.

— Bahati mbaya tu.

Mwanamke aliyekuwa akipandisha barabara alikuwa wa miaka hamsini na kitu, amevaa viatu vyeupe vya kazi ya hospitali. Bi Olga alimtambulisha: Graciela Umpiérrez, kutoka Rivera, huu mwaka wake wa pili mjini, Bibi Mzee mpya. Graciela alimbusu kila mmoja shavuni kwa zamu, na alipofika kwa Waldemar alimshika mkono kwanza.

— Pole sana, Bwana Waldemar. Sikumfahamu mama, lakini nilimwona akicheza. Nimekuja kukuamkia, tusije tukakutana barabarani kama watu wasiojuana.

— Umechelewa kidogo, dada, alisema Redio, akampa kibuyu. Mganga amejiuzulu. Hasikii ngoma. Tangu zamani hasikii. Alikuwa anamfuata marehemu, kwa macho. Sasa hana wa kumfuata, na sisi hapa tunatafuta sababu. Tumeshapita damu na titi, tuko kwenye mapigo matatu.

— Manne, alisema Ngozi.

Graciela alinyonya mrija akiwatazama mmojammoja. Hakucheka.

— Alikuwa anamfuata wakati wote?

— Wakati wote, alisema Waldemar. Upepeo ukishuka, nashuka.

— Nawauliza kwa sababu nataka kujua kazi yangu. Mwaka jana nilikuwa nimesimama pale kwenye zile roshani za kijani. Bibi Mzee alikugeuzia mgongo, akakuacha, akaenda kuwasalimia wazee waliowekewa viti mlangoni. Alimbusu kila mmoja. Alikaa nao sana. Wewe ulikuwa umeshatangulia, ukabaki katikati ya barabara peke yako, mbele ya ngoma zote, unatetemeka, unacheza, yeye yuko nyuma yako. Graciela akafuta ncha ya mrija kwa kidole. — Pale ulikuwa unamfuata nani?

Ngozi aliitazama ngoma iliyokuwa bado magotini pake. Bi Olga alianza kusema, "Labda alikuwa anam...", akaacha.

Waldemar alipaona mahali penyewe. Roshani za kijani, wazee wa viti, kila mwaka mahali palepale. Nélida hakuwahi kuwapita bila kuwabusu. Alikumbuka kofia ikimteleza. Alikumbuka ngoma zikimjia mgongoni kama joto la tanuri. Kilichokuwa kikiendelea miguuni hakukumbuka.

— Ni mita mia moja na kumi, alisema. Kutoka kwenye viti vile hadi kona.

— Sikuuliza urefu, alisema Graciela kwa upole.

— Nilikuwa kwenye pigo?

Graciela alifikiri ili ajibu kwa haki.

— Sijui. Sikuangalia miguu. Nilikuwa nakuangalia wewe.

Waldemar akamgeukia Ngozi.

— Wewe ulikuwa nyuma yangu. Nilikuwa kwenye pigo?

— Nilikuwa napiga, shemeji, alisema Ngozi. Nikiwa napiga sioni mtu. Ila ungekuwa umetukosesha, ningejua.

— Kwa hiyo?

— Kwa hiyo sijui.

— Miaka thelathini na mmoja mara mita mia na kumi, alisema Redio, hiyo ni safari. Mtu hawezi kwenda safari ndefu namna hiyo bila...

Wakamngoja amalizie. Aliinua chupa akaiinamisha juu ya kibuyu. Yakatoka matone mawili, la pili likining'inia.

— Maji yameisha, alisema.

Na maji yakiisha watu huondoka. Bi Olga alikunja kiti. Graciela aliaga. Ngozi alisimama, akaanza kuzigeuza ngoma moja moja na kuziingiza ndani, ngozi zikilia kidogo zikiguswa. Furushi lilibaki chini, karibu na ubao. Ngozi alilipita mara nne akienda na kurudi, hakuliokota.

Waldemar alikwenda hatua tano, akasimama.

— Usiku kutakuwa na umande, alisema Ngozi bila kugeuka. Koti lile likilala nje litaoza kwapa.

Waldemar alirudi, akaliokota.

Asubuhi ya Jumapili alilifungua juu ya meza ya jikoni. Alilipiga koti vumbi, akalitia kwenye kitundikio. Halafu alikwenda kabatini. Sketi ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka, viraka vinne vya mama mkwe na vitatu vya Nélida. Alivitoa vyote viwili roshanini, akavibana kwenye kamba kwa vibanio vya mbao: koti kushoto, sketi kulia. Ng'ambo ya barabara mwanamke aliyekuwa akikung'uta kitambaa cha meza aliinua macho, akaita mtu aliyekuwa ndani.

Waldemar alichukua kikapu akashuka kununua mkate. Barabara ilikuwa tupu. Alitelemka taratibu, mkono wa kulia kaukunja kidogo, kama ulivyozoea, na mbele ya duka la dawa, mahali ambapo hakuna mtu aliyesema kitu, alibadili mguu.